Tarehe ya Capileira, Kijiji cha Milima ya Granada

Capileira ndicho kijiji cha juu kabisa kati ya vitatu vilivyopangana kwenye ubavu wa bonde la Poqueira, nchi ya Alpujarra, kusini mwa Hispania. Chini yake ni Bubión, na chini zaidi Pampaneira. Juu yake umesimama Mulhacén, mlima wa mita 3,479, wenye jina la Mulay Hasan, mmoja wa masultani wa mwisho wa Granada.

Walioistawisha nchi hii ni Waislamu wa Andalusia. Walijenga matuta milimani, wakapanda miforosadi ya kulishia viwavi vya hariri, wakachimba mifereji ya kuteremsha maji ya theluji.

Januari 1492 Granada ilisalimu amri kwa watawala Wakristo Isabel na Fernando. Sultani Abu Abdallah, mwana wa Mulay Hasan, akapewa makazi Alpujarra. Mwaka 1493 akavuka bahari kwenda Fez. Raia wake walikuwa wameahidiwa kuachiwa dini yao. Ahadi hiyo haikutimiza miaka kumi: walibatizwa kwa nguvu. Mwaka 1567 Mfalme Felipe II akaharamisha lugha yao ya Kiarabu, mavazi yao na hamamu zao. Mkesha wa Krismasi ya 1568 Alpujarra ikaasi, na waasi wakamtawaza Aben Humeya mfalme wao. Januari 1569 jeshi la Felipe, chini ya Markisi wa Mondéjar, likaingia Poqueira. Kufikia 1571 uasi ulikuwa umezimwa, wenyeji wametawanywa katika miji ya Castilla, na nyumba na mashamba yao yamegawiwa walowezi Wakristo.

Walowezi walirithi pia maji. Majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka, mifereji ya juu huyapeleka maji mahali ambapo ardhi huyanywa. Maji hupita polepole chini ya mlima, kisha hutokea kwenye chemchemi za chini wakati wa kiangazi, mvua ikiwa haba. Mifereji ya aina hii inatumika hadi leo. Na nyumba bado zina mapaa bapa, boriti zikiwa zimefunikwa launa, udongo wa kijivu unaozuia maji.

Wageni hupanda Capileira kutazama kuta nyeupe. Wafuate na mfereji mmoja kuelekea mlimani. Hapo ndipo tarehe ya kijiji inapoanzia, na haki ya waliofukuzwa ni kutajwa wa kwanza.