Wasomaji Wasio na Majina: Nakala za Mkono na Maoni ya Fasihi katika Lamu

Historia ya uhakiki wa fasihi ya Kiswahili aghalabu huanzia magazetini na vyuoni, kana kwamba hapo kale watu walisoma wasiwe na maoni. Maoni yalikuwapo. Yalitiwa ndani ya nakala za mkono, na wengi wa wenye maoni hayo hawakuacha majina.

Utendi wa Mwana Kupona watosha kuwa mfano. Ulitungwa mwaka 1858 kwa ajili ya Mwana Hashima, binti wa mtunzi, lakini mtunzi mwenyewe aliwahimiza wanawake wengine wausome. Aliyeupenda aliuhifadhi moyoni. Mwenye kalamu aliunakili, na nakala ikatoka nyumba hii ikaingia ile. Hadi Alice Werner alipouchapisha mwaka 1917, kuunakili ndiko kulikokuwa kuusifu.

Tena kunakili hakukuwa kazi ya mkono mtupu. Katika hati za Kiarabu za siku hizo, herufi ya ba iliweza kusomwa b, p au mb. Alama moja ilibeba e na i, nyingine o na u. Mnakili alisoma kwanza, akaamua maana, ndipo akaandika, huku sikio lake likikumbuka utendi ulivyoghaniwa. Ndiyo maana nakala hutofautiana: neno limebadilishwa, ubeti umehamishwa, mwingine umeongezwa.

Sayyid Abdalla bin Nasir alipoongeza mishororo mitatu katika kila ubeti wa utungo unaonasibishwa na Liyongo, kazi hiyo iliitwa takhmisa na jina lake likadumu. Muhammad Kijumwa, aliyewanakilia wataalamu wa Kizungu, naye anajulikana vyema. Asiyejulikana ni msomaji wa nyumbani aliyegusa mshororo mmoja tu.

Wahariri wa karne ya 20 walitafuta matini asilia, na katika utafutaji huo tofauti za nakala zikashushwa tanbihini, nyingi zikihesabiwa makosa. Baadhi ni makosa kweli. Usingizi haukumwacha mnakili yeyote. Lakini kuziweka zote katika kapu moja ni kuwanyima wasomaji wale akili. Ubeti uliorukwa katika nakala moja na kubakizwa katika nyingine huenda ulisahauliwa, na huenda ulikataliwa. Mhariri anayechapa matini moja iliyosafishwa humwondolea mtafiti njia ya kuuliza lipi kati ya hayo lilitokea.