Kazi Ilikaribishwa, Mwenyewe Akangoja Mlangoni

Elimu haina mume wala mke. Hesabu iliyo sahihi haiulizi imeandikwa kwa mkono wa nani, wala umeme haukatai kumtumikia mwanamke. Lakini vyama vya wataalamu ni nyumba za watu; nyumba zina milango, na milango ina mabawabu. Maisha ya Bibi Hertha Ayrton wa Uingereza yaonyesha jinsi kazi ya mtu iwezavyo kukaribishwa barazani, na mwenyewe akaachwa nje.

Alizaliwa katika mwaka wa 1854 huko Portsea, penye bandari ya Portsmouth, akaitwa Phoebe Sarah Marks. Hertha ni jina alilolichukua ujanani. Baba yake, fundi saa wa Kiyahudi aliyetoka Poland, alifariki mwaka wa 1861, akamwachia mkewe watoto saba na mimba ya wa nane. Mama huyo alishika sindano, akawalea wanawe kwa kushona. Angaliweza kumzuia nyumbani binti yake mkubwa ili amsaidie ulezi, na hapana ambaye angalimlaumu. Badala yake, binti alipokuwa na umri wa miaka tisa, alimpeleka London akasome katika shule ya nduguye. Msingi wa mambo yote yaliyofuata uliwekwa na uamuzi huo wa mjane maskini.

Mwaka wa 1876 Hertha aliingia Chuo cha Girton, Cambridge, akasoma hesabu kwa msaada wa Bibi Barbara Bodichon, mmoja wa waasisi wa chuo hicho. Mwaka wa 1880 alifanya mtihani ule ule waliofanya wanaume, akafaulu. Wenzake wa kiume walipewa shahada. Yeye alipewa cheti, kwa maana Cambridge haikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka wa 1948. Hakukaa kulia mlangoni. Aliuzunguka ukuta, akafanya mitihani ya Chuo Kikuu cha London, akapata shahada yake mwaka wa 1881.

Mwaka wa 1884 aliandikisha serikalini uvumbuzi wake wa chombo cha kugawanya mstari katika sehemu zilizo sawa, kitu chenye manufaa kwa wachoraji wa majengo na wa mitambo. Mwaka huo huo alianza masomo ya jioni juu ya umeme katika Chuo cha Ufundi cha Finsbury, kwa Profesa William Ayrton. Mwaka uliofuata wakaoana.

Siku hizo njia nyingi za miji ya Ulaya ziliangazwa kwa taa zilizotumia vijiti viwili vya kaboni. Umeme uliruka baina ya ncha zake, ukatoa mwanga mkali. Lakini taa hizo zilikuwa na ila: mara kwa mara zilifoka kama nyoka, na mwanga wake ukayumba. Mwaka wa 1893, Profesa Ayrton alipokuwa Chicago, mkewe aliyashika majaribio aliyoyaacha, akayaendesha kwa subira. Aligundua kwamba ncha ya kaboni huchimbika shimo, na shimo hilo likizidi ukubwa wake, hewa hupenya. Oksijeni ikagusa kaboni yenye moto mkali, na hapo taa hufoka na nguvu ya umeme baina ya vijiti hushuka ghafula. Mumewe, mtaalamu wa mambo hayo hayo, alijiepusha kushirikiana naye katika kazi hiyo, kwa kuwa alijua watu wangesema ni ya mume.

Mwaka wa 1899 Bibi Ayrton alisimama mbele ya Chama cha Wahandisi wa Umeme, akasoma habari hizo kwa kinywa chake mwenyewe. Mwaka huo huo wahandisi walimfanya mwanachama, mwanamke wa kwanza kuingia katika chama chao. Walikuwa na taa zilizowasumbua, na huyu aliwaeleza sababu.

Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyo mkusanyiko mkuu wa wanasayansi wa nchi ile, ilikuwa na desturi nyingine. Mwaka wa 1901 makala yake ilisomwa pale na John Perry kwa niaba yake. Mwaka wa 1902 jina lake lilipendekezwa kwa uanachama. Jumuiya ikawauliza wanasheria, nao wakajibu kwamba hati zake hazikuruhusu kumchagua mwanamke aliyeolewa. Elimu yake haikutiwa ila. Ila ilikuwa ndoa yake. Mwaka wa 1904 aliruhusiwa kusoma pale, yeye mwenyewe, makala juu ya mawimbi madogo yanayojichora katika mchanga wa pwani, na mwaka wa 1906 alipewa Nishani ya Hughes. Jumuiya ile ile iliyomnyima kiti ilimvika heshima. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini hapo alipewa nusu ya haki.

Aliyajua madhara ya nusu hiyo. Mwaka wa 1909, magazeti yalipomsifu mume kwa kazi ya rafiki yake Marie Curie juu ya radiumu, Bibi Ayrton aliandika kuyakosoa hadharani.

Sheria ya mwaka wa 1919 iliondoa kizuizi cha jinsia na cha ndoa katika kazi na vyama vingi vya Uingereza. Bibi Ayrton alifariki mwaka wa 1923 bila ya kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme. Wanawake wa kwanza, Kathleen Lonsdale na Marjory Stephenson, walichaguliwa mwaka wa 1945, miaka 43 baada ya jina lake kukataliwa.

Wako wasemao kuwa kipaji hakizuiliki, na kwamba mwanamke mwenye akili atafika tu. Historia hii yawakanusha. Bibi Ayrton alikuwa na kipaji. Tena alikuwa na mama aliyekubali kumkosa nyumbani, mfadhili aliyetoa fedha, na mume aliyejizuia. Hata hivyo hakufika kote. Ni wangapi waliokuwa na kipaji kama chake, wakakosa mmoja tu wa hao watatu? Hao hawana nishani, wala majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Hasara yao ni hasara ya elimu yenyewe.