Mbegu tumebadilisha, na udongo je? (Sehemu ya 3)

Ninyi akina baba mnaosoma kimyakimya, nawaona pia. Watoto wamelala? Haya, tuendelee.

Juzi niliishia kwenye uboho, ile kitu laini ndani ya mfupa tunayoifyonza kwenye supu. Nikasema humo ndimo zinamokaa seli mama za damu, na zikishindwa kazi mtoto anapauka, homa haziishi, akigongwa kidogo tu anavilia damu. Usiku uleule mama mmoja akaniandikia: "Nesi, wangu amezaliwa na ugonjwa huu. Wanasema apandikizwe uboho. Sasa wakiweka mbegu mpya kwenye udongo uleule mbovu, si itakufa tena?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Huyu mama hakusomea udaktari, lakini swali lake ndilo lililowahangaisha watafiti kwa miaka mingi. Acha niwasimulie.

Mwaka 1927, daktari wa watoto Guido Fanconi wa Zurich, Uswisi, aliandika kuhusu ndugu watatu wa familia moja, wote wavulana, wote na upungufu mkubwa wa damu. Leo ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake, anemia ya Fanconi. Ilionekana wazi kuwa ni wa kurithi. Lakini kwa miaka mingi watu waliangalia damu yenyewe tu, yaani mbegu.

Walioanza kuonyesha habari za udongo ni panya. Msicheke! Katika maabara ya Jackson, jimbo la Maine kule Marekani, walikuwepo panya wa aina mbili waliozaliwa na upungufu wa damu. Wote weupe, wote macho meusi, kwa kuwaangalia huwezi kuwatofautisha. Aina ya kwanza ukiwapa uboho wa panya mzima, wanapona. Aina ya pili, walioitwa Steel, ukiwapa uboho mzuri hawaponi. Halafu ajabu yenyewe: chukua uboho wa huyo Steel mgonjwa, mpe yule wa kwanza, anapona! Maana yake mbegu za Steel zilikuwa nzima kabisa. Kilichoharibika ni pale zinapoota. Majaribio hayo ya miaka ya 1960 yaliwahusisha Elizabeth Russell pamoja na McCulloch na Till wa Toronto, Kanada.

Udongo wenyewe ni nini sasa? Ni seli za stroma. Neno hilo ni la Kigiriki, maana yake matandiko, na mimi nalipenda kwa sababu ndivyo zilivyo: seli zilizotandazwa ndani ya mfupa, seli mama za damu zimelala juu yake, zinalishwa na kuambiwa lini ziamke, lini zitulie. Kule Moscow, Alexander Friedenstein alizitambua kwa tabia yao ya kung'ang'ania chini ya chombo cha maabara wakati seli za damu zinaelea. Mwaka 1977 Michael Dexter na wenzake wa Manchester, Uingereza, wakafanikiwa kuzitunza seli za damu kwa miezi nje ya mwili, kwa kuzilaza kwanza juu ya matandiko hayo. Bila matandiko, hazikudumu.

Kwa watoto wetu jibu lilichelewa. Kuna ugonjwa mwingine wa kurithi unaitwa Shwachman-Diamond: kongosho halifanyi kazi vizuri, mtoto haongezeki uzito, kinyesi kina mafuta, chembe nyeupe za damu ni chache. Mwaka 1999 Dror na Freedman wa Toronto walichukua uboho wa watoto hao wakatenganisha mbegu na udongo. Mbegu zilikuwa dhaifu, sawa. Lakini hata mbegu za watu wazima wa afya, zikiwekwa juu ya stroma ya watoto hawa, hazikustawi vizuri. Kumbe vyote viwili vina hitilafu. Mwaka 2010 kundi la Boston likaenda mbali zaidi: waliharibu jeni katika seli changa za mfupa tu za panya, damu hawakuigusa, na bado damu ikaharibika, wengine hadi saratani ya damu. Panya si mtoto, nakubali. Ila hapo huwezi tena kusema udongo hauhusiki.

Sasa nirudi kwa mama yangu. Oktoba 1988, hospitali ya Saint-Louis, Paris, daktari Eliane Gluckman alimpandikiza mtoto wa miaka mitano mwenye anemia ya Fanconi kwa damu ya kitovu cha mdogo wake mchanga. Ilikuwa mara ya kwanza duniani. Udongo ulikuwa uleule wa mgonjwa, na mbegu ilishika. Mtoto akakua akawa mtu mzima.

Kwa hiyo mama, hapana, si lazima ife. Kwa wengi udongo una hitilafu lakini bado unaotesha. Ila una wepesi wa kuumia: watoto wa Fanconi hawavumilii dozi za kawaida za mionzi na dawa kali za kabla ya kupandikizwa, na Gluckman alishaanza kuzipunguza kabla ya 1988. Uliza timu yako, "Dozi ya mwanangu imepunguzwa kwa ajili ya ugonjwa wake?" Usione aibu. Na uboho mpya haubadilishi mwili mwingine, hivyo mtoto wa Fanconi aliyepona damu anaendelea kukaguliwa kinywa na koo miaka yote, maana saratani za huko zinawapata mapema.

Kuna aliyeuliza kama ni chakula alichokula akiwa mjamzito. Siyo, dada. Ni jeni, na mara nyingi zimetoka kwa wazazi wote wawili ambao wenyewe hawaumwi chochote. Hilo ndilo la Jumapili, nikitoka zamu ya usiku.