Mama Maida, fundi cherehani aliyekuja kwetu kabla ya uhuru

Ukiwa Nairobi utalikuta kwenye Barabara ya Digo jengo linaloitwa Solidarity, makao makuu ya COTU. Nimelipita mara kadhaa bila kujiuliza lilitoka wapi. Siku nilipouliza, nilijibiwa kwa neno moja tu: Mboya. Ni kweli, Tom Mboya ndiye aliyelihangaikia, na Wamarekani wa AFL-CIO wakachangia dola 35,000. Lakini nyuma ya urafiki huo wa vyama vya wafanyakazi vya kule na vya huku alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hatukufundishwa habari zake shuleni. Jina lake Maida Springer. Wenzake wa Kenya walimwita Mama Maida.

Nilianza kumfuatilia kwa udadisi tu, nikajikuta nakesha.

Alizaliwa Panama mwaka 1910. Baba yake alikuwa Mbarbados, mmoja wa maelfu waliokwenda kuchimba mfereji. Mwaka 1917 familia ikahamia Harlem, New York, na mama yake akawa mfuasi wa Marcus Garvey. Kwa hiyo yule binti alikulia kwenye mikutano ya watu weusi waliozungumza Afrika kama nyumbani, wakati Afrika yenyewe karibu yote ilikuwa chini ya Wazungu. Naamini hapo ndipo pa kuanzia. Wengi huanzia kiwandani.

Kiwandani aliingia kwa shida. Mdororo wa uchumi ulibana, mshahara wa mumewe ukakatwa, naye akaenda kushona nguo. Mwaka 1933 akajiunga na tawi namba 22 la chama cha washona nguo za wanawake, ILGWU. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, mafundi wapatao 60,000 wa New York waliweka sindano chini na kugoma. Hebu fikiria jiji zima halina wa kushona gauni. Walishinda. Maida alitoka pale akiwa amejifunza jambo ambalo hakulisahau maisha yake yote: fundi mmoja akilalamika anafukuzwa, elfu 60 wakilalamika wanaitwa mezani.

Akapanda ngazi taratibu. Mwaka 1945 alichaguliwa kuwa mmoja wa wajumbe wa wafanyakazi wa Marekani kwenda Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa kazi hiyo. Sasa sikia kituko. Akiwa Washington akijiandaa kwenda kuiwakilisha nchi yake, hoteli hazikumpokea kwa sababu ya rangi yake! Ikabidi alale kwenye nyumba ya jumuiya ya wanawake weusi ya Mary McLeod Bethune. Halafu akapanda ndege kwenda kuwaeleza Waingereza kuhusu demokrasia ya Marekani. Huko London akakutana na George Padmore, Ras Makonnen na Jomo Kenyatta, Waafrika na watu wa Karibi waliokuwa wakipanga namna ya kumwondoa mkoloni. Alikwenda kwa ajili ya wafanyakazi wa Uingereza, akarudi na Afrika kichwani.

Mwaka 1948 akawa mtu mweusi wa kwanza katika tawi lake kushika kazi ya kusimamia mikataba na kubishana na wenye viwanda juu ya malipo. Miaka ya 1951 na 1952 alisoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kilekile ambacho Mboya angekwenda miaka michache baadaye. Na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 nyumba yake ya Brooklyn ikawa kama kituo cha wasafiri: viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wapigania uhuru wa Afrika wakipita New York walifikia kwake. Nyerere na Mboya walikuwa rafiki zake.

Hapa ndipo hadithi inapokuwa ngumu, na sitaki kuiruka.

Fedha za AFL-CIO hazikuja Afrika kwa mapenzi matupu. Ilikuwa Vita Baridi. Kitengo chao cha mambo ya nje kilikuwa chini ya mvuto wa Jay Lovestone, mtu aliyewahi kukiongoza chama cha kikomunisti cha Marekani, akafukuzwa, kisha akageuka adui mkubwa wa wakomunisti na mshirika wa CIA. Maida alifanya kazi na watu hao. Kuanzia 1960 alikuwa mwajiriwa wa AFL-CIO akishughulikia Afrika. Kwa Nkrumah na wenzake, vyama vilivyopokea pesa za Magharibi vilikuwa vimekwisha kununuliwa. Waingereza nao walinung'unika upande wao: TUC haikutaka Wamarekani waingie kwenye makoloni yake. Maida alikuwa akisimamia mpango wa kuwapeleka viongozi vijana wa Kiafrika kusoma Marekani. Mwaka 1957 wakubwa walikubaliana Atlantic City, na mpango ukakatizwa.

Je, alitumika? Nimejiuliza sana. Maoni yangu ni kwamba kila upande ulidhani unamtumia, naye aliokota alichoweza kwa ajili ya watu wake. Lakini siwezi kumsafisha kabisa. Pesa ina mwenyewe, na mwenyewe ana sababu zake. Aliyekubali kuibeba alijua hivyo, tena huyu alikuwa mtu mwenye akili nyingi.

Kilichomuuma zaidi, nadhani, kilitoka kwetu. Vyama alivyovisaidia vilipigania uhuru bega kwa bega na wanasiasa. Rashidi Kawawa mwenyewe alitoka kwenye uongozi wa TFL. Uhuru ulipopatikana, vyama huru vikawa kero. Tanganyika, baada ya maasi ya wanajeshi Januari 1964, viongozi kadhaa wa wafanyakazi walitiwa ndani, TFL ikavunjwa, na ikaundwa NUTA chini ya serikali. Kenya nayo ikapata COTU mwaka 1965. Rafiki zake ndio waliokuwa madarakani.

Hakususa. Alikuwa ameshasaidia kuanzisha Nairobi, mwaka 1963, chuo cha ushonaji na ukataji nguo pamoja na chama cha mafundi wa Kenya. Hiyo ndiyo kazi yake ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haina hotuba. Ni mezani, mkasi, chaki na futi ya kupimia. Mtu anaingia hajui kukata kola, anatoka na kazi mkononi.

Mwaka 1977, akiwa na miaka 67, alirudi Nairobi akiwa miongoni mwa waandaaji wa mkutano wa Afrika nzima kuhusu nafasi ya wanawake katika vyama vya wafanyakazi. Mboya alikuwa ameuawa miaka minane nyuma. Ukumbini safari hii walikaa wanawake, wakijadili ni kwa nini wanalipa ada za chama kama wanaume lakini uongozini hawaonekani.

Alifariki Pittsburgh, Machi 29, 2005, akiwa na umri wa miaka 94.