Henry Muoria: Mhariri na Nathari ya Kigikuyu, 1945–1952

Historia ya nathari ya Kigikuyu husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 1980, Ngũgĩ wa Thiong'o alipochapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ. Wanaotazama nyuma zaidi humtaja Gakaara wa Wanjaũ, aliyepewa Tuzo ya Noma mwaka 1984. Ni wachache wamtajao Henry Muoria. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kumsahau mhariri huyu si kosa dogo, kwa kuwa nathari ya lugha zetu nyingi ilipata malezi yake katika magazeti kabla ya kuingia vitabuni.

Muoria alizaliwa Kabete mwaka 1914. Elimu yake ya shule haikuwa kubwa; mengi aliyoyajua aliyatafuta mwenyewe. Aliajiriwa na shirika la reli, akawa gadi wa gari la moshi, na wakati huohuo akajifunza uandishi wa habari kwa njia ya posta. Mwaka 1945 kilitoka kijitabu chake Tũngĩka Atĩa Iiya Witũ?, yaani, "Tufanye nini, enyi watu wetu?" Mwaka huohuo aliacha kazi ya reli, akaanzisha gazeti la Mũmenyereri, jina lenye maana ya mlinzi au mtunzaji.

Yafaa tulipime jambo hili kwa mizani ya wakati ule. Mwafrika aliyekuwa na mshahara wa kila mwezi aliuacha ili aishi kwa mauzo ya gazeti lililoandikwa kwa lugha ya mama. Ni kweli kwamba njia ilikuwa imekwisha kufunguliwa: Jomo Kenyatta alihariri Mũigwithania tangu mwaka 1928. Lakini Mũigwithania lilikuwa gazeti la chama. Mũmenyereri lilikuwa la mtu binafsi, na hasara yake ingekuwa hasara ya nyumba yake.

Kwa upande wa lugha, kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko tunavyodhani. Kigikuyu cha wazee kilikuwa na utajiri wa methali, hadithi na hotuba za barazani. Kigikuyu kilichoandikwa kilikuwa kwa sehemu kubwa kile cha Biblia na cha vitabu vya misheni. Mhariri alilazimika kutafuta njia ya tatu, ya kueleza habari za mishahara, ardhi na siasa kwa msomaji ambaye huenda alikuwa akiwasomea wenzake wasiojua kusoma. Kenyatta aliporejea nchini mwaka 1946, Muoria aliandika habari za mapokezi na hotuba zake. Kuigeuza hotuba isemwayo kuwa maandishi yasomwayo, pasipo kuiua sauti ya msemaji, ni kazi ya fasihi, hata kama aliyeifanya aliiita habari tu.

Shule hiyo ilifungwa ghafla. Mwaka 1952 Muoria alikuwa London wakati serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba. Mũmenyereri lilipigwa marufuku, naye hakurudi kuishi Kenya tena. Aliyeacha ugadi ili awe mhariri alilazimika kuurudia ugadi, safari hii katika reli za chini ya ardhi za London. Hata hivyo hakuiacha kalamu. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1994, miaka mitatu kabla ya kufa kwake. Lakini zilichapishwa kwa Kiingereza. Marufuku ile, basi, haikuliua gazeti peke yake: ilimtenga mwandishi na wasomaji wa lugha yake.

Mwaka 2009 vijitabu vyake vitatu vilichapishwa upya, Kigikuyu sambamba na tafsiri ya Kiingereza. Sasa hatuna udhuru. Idara zetu zifundishapo nathari ya lugha za Kiafrika, hazina budi kulihesabu gazeti kuwa matini kamili, na kumhesabu mhariri miongoni mwa watunzi. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kusifu mavuno huku tukimsahau aliyelima.