Watoto wa Mahasimu Kwenye Mti Mmoja

Anayetaka kufika kwa Mangi Meli asikimbilie kupanda. Aanze mjini, upande wa Hospitali ya Mawenzi, kwa sababu mji wenyewe ni sehemu ya habari hii. Moshi tunayoijua, hii ya tambarare na maduka, ni mtoto wa reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na Wajerumani wakashusha utawala wao kutoka mlimani kuifuata. Kabla ya hapo mtu akisema anakwenda Moshi, alimaanisha kule juu kwenye migomba, panapoitwa leo Old Moshi. Mwenye Moshi hiyo alikuwa Mangi, yaani mtawala wa Wachagga wa hapo.

Njia ya kwenda huko inaacha barabara kuu pale Kiboriloni, inapita Kikarara na Tsuduni hadi Kidia. Chini kuna vumbi na mahindi. Bodaboda ikishakohoa kwenye miinuko michache, hewa inabadilika na vihamba, mashamba ya ukoo, vinaanza: migomba, masale kwenye mipaka, mfereji wa mfongo ukipita kando ya njia na maji yake ya kutoka msituni. Ukitaka kuiona nchi kama alivyoiona Rindi, baba yake Meli, ondoa kahawa kwenye picha. Mkahawa ulikuja na wamisionari na ukashika mizizi baadaye. Utajiri wa siku zile ulikuwa ng'ombe, pembe za ndovu na, hili tusilifiche, mateka waliouzwa kwa misafara ya pwani.

Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, alikuwa na jicho moja na Kiswahili fasaha. Alitawala Moshi kwa takribani miaka 30, hadi mwaka 1891, na katika muda huo sidhani kama kuna mtawala wa bara hili la ndani aliyewachezea wageni kwa ustadi zaidi yake. Charles New, mmisionari wa Kiingereza aliyekuwa akiishi karibu na Mombasa, alipita kwake mwaka 1871 akiwa njiani kwenda kuigusa theluji, akapokewa vizuri. Aliporudi mwaka 1875 Rindi alimnyang'anya karibu kila alichokuwa nacho, na New akafa njiani akirejea pwani. Mwaka 1884 alikuja Harry Johnston, kijana wa Kiingereza aliyesema anakusanya mimea na ndege. Rindi alimpa mahali pa kukaa, akamkamua zawadi, na wakagombana. Mwaka uliofuata mlango haukufungwa. Askofu Hannington alifika, na Waanglikana wakafungua kituo chao cha misheni papo hapo Moshi. Jenerali Mathews alipanda kwa niaba ya Sultan Barghash wa Zanzibar kutafuta Wamangi watakaokubali bendera nyekundu, Rindi akakubali. Haukupita muda, mwezi Juni 1885, akatokea Karl Jühlke wa kampuni ya Carl Peters na karatasi yake ya mkataba. Rindi akakubali tena.

Wapo wanaousoma mkataba huo kama ujinga wa mtu asiyejua alichotia alama. Mimi sioni ujinga. Naona mtu aliyezoea kwamba mgeni huja na bunduki na nguo, hukaa kidogo, kisha huondoka au hufa, na bendera yake huliwa na mchwa. Kwa miaka 20 hesabu hiyo haikumwangusha. Mwaka 1889 alituma hata wajumbe wake wakavuka bahari hadi Berlin, na pembe ya ndovu ya kumpa Kaiser Wilhelm. Kwa hiyo watu wa Old Moshi walikuwa wameuona mji mkuu wa Wajerumani kabla mlima wenyewe haujawekewa boma la Wajerumani. Hilo la Berlin tulishike, litarudi.

Rindi aliwataka wageni hawa wote kwa sababu magharibi yake, ng'ambo ya Uru, kulikuwa na Sina wa Kibosho. Sina alikuwa mpiganaji hodari na mjenzi wa ngome ya mawe, na kwa miaka mingi wawili hao walitekana ng'ombe, wakachomeana migomba na kuvutana juu ya nani ni mkubwa wa mlima. Msomaji wa historia ya Uingereza ya karne ya 15 hawezi kushangaa. Kule nako koo mbili kubwa, York na Lancaster, ziliraruana kwa miaka 30 huku mabwana wa vita wakibadili upande kila walipoona faida, na mwisho wake uliletwa na mtu aliyesaidiwa kutoka nje: Henry Tudor alivuka bahari mwaka 1485 na askari waliolipwa kwa fedha za Ufaransa, wakamwua Mfalme Richard III uwanjani Bosworth. Tofauti ni moja tu, lakini ni kubwa. Wafaransa wale hawakubaki kuitawala Uingereza.

Rindi alipata msaada wake Februari 1891. Hermann von Wissmann alipanda na askari wake na mizinga, wapiganaji wa Moshi wakaungana naye, na ngome ya Sina ikaanguka. Lazima ilikuwa furaha kubwa kwa mzee wa jicho moja kuona moshi ukipanda Kibosho. Hakuifaidi muda mrefu. Mwaka huohuo alifariki, na kiti kikamwendea Meli, kijana ambaye hakuwa na uzoefu wa baba yake wa kumweka mgeni sebuleni bila kumwonyesha chumba cha ndani.

Na wageni wa Meli hawakuwa tena wale wa kuomba njia. Uhusiano uliharibika upesi. Juni 1892 Luteni von Bülow aliongoza kikosi kuja kumwadhibu Meli, na watu wa Moshi wakakipiga. Bülow mwenyewe alikufa kwa majeraha yake, na Wajerumani wakalazimika kuuacha mlima kwa muda. Nadhani ushindi huu haujasimuliwa vya kutosha shuleni. Tulisoma kuhusu Wahehe na Lugalo ya mwaka 1891, tukasoma Maji Maji, ila mlima huu tuliusoma kwa ajili ya kahawa, misheni na urefu wa Kibo. Wajerumani walitafuta wa kumlaumu, wakawaona wamisionari wa Kiingereza, wakisema ndio waliopitisha bunduki. Misheni ile ikafungwa na wenyewe wakahamia Taveta. Mahali pao wakaja Walutheri wa Leipzig, na ndiyo maana kengele unayoisikia Kidia Jumapili ni ya Kilutheri.

Kisasi kilikuja Agosti 1893. Gavana von Schele alikuja mwenyewe na kikosi kikubwa, na tarehe 12 Moshi ikashindwa. Meli hakuuawa. Alibaki Mangi chini ya Kapteni Johannes, msimamizi wa boma jipya lililojengwa huku huku juu, kwenye nchi yake. Sijui kama kuna adhabu iliyomchoma mtoto wa Rindi kuliko hiyo, kuamka kila siku na boma likimwangalia.

Miaka hiyo nyota iliyong'aa ilikuwa ya Marealle wa Marangu. Ndiye aliyempokea Hans Meyer mwaka 1889, Mjerumani huyo na Ludwig Purtscheller walipofika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba, na alijua kumpendeza Johannes. Simulizi za Old Moshi na Kibosho hazimsemi vizuri hata kidogo. Zinasema ndiye aliyepeleka bomani habari kwamba Wamangi wenzake wanapanga kuwaua Wajerumani. Ukienda Marangu utasikia mengine. Koo hizi bado zinaishi jirani, zinaoana na kuzikana, na mwandishi mwenye akili hukaa kimya kidogo kwenye pombe ya mbege kabla ya kuamua nani alikuwa msaliti. Ninachoweza kusema bila kuongozwa na ukoo wowote ni kwamba Johannes hakuhitaji kushawishiwa sana.

Tarehe 2 Machi 1900, hapa Old Moshi, watu 19 walinyongwa. Meli alikuwamo. Alikuwamo Ngalami, Mangi wa Siha. Walikuwamo viongozi wa Wameru na Waarusha. Na alikuwamo Molelia wa Kibosho, mtoto wa Sina.

Nilisimama muda mrefu zaidi kwenye jina hilo la mwisho kuliko nilivyosimama mbele ya mti wenyewe walionyongewa. Rindi na Sina walimaliza maisha yao wakitafuta namna ya kuzimana, na kila mmoja alimrithisha mwanawe ugomvi huo pamoja na ng'ombe na ngao. Miaka tisa baada ya Moshi kuwaongoza Wajerumani hadi Kibosho, watoto wao wawili walihukumiwa kwa kosa moja, kwamba wamekula njama pamoja. Kama njama ilikuwapo kweli, basi nyumba hizo mbili zilipatana hatimaye. Kama haikuwapo, walipatanishwa na kamba. Simulizi za ukoo zinasema Meli hakufa upesi, zinahesabu masaa.

Kinachosemwa baada ya hapo ndicho kilichoipeleka habari hii mbali na mlima. Familia inaamini Meli alizikwa bila kichwa, na kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani. Si dai la kubuni kwa mtu anayejua mambo ya enzi ile. Maofisa na madaktari wa makoloni walikuwa wakipeleka mafuvu Berlin kwa Felix von Luschan, aliyeyakusanya kwa maelfu ili kupima eti tofauti za watu. Mjukuu wa Meli, mzee Isaria Meli, aliwasumbua wakubwa wa nchi mbili kwa miaka mingi akimtafuta babu yake, akatoa hata mate yake yapimwe.

Watafiti wa taasisi ya makumbusho ya Berlin walichunguza mafuvu 1,135 yaliyotoka Afrika Mashariki, wakabaini kwamba 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya. Kati ya hayo, manane yalilinganishwa kwa vinasaba na jamaa walio hai wa Kilimanjaro na Meru. Majibu yalitangazwa Septemba 2023. Fuvu moja lililingana kabisa na mtu aliye hai. Lilikuwa limeandikwa neno "Akida", na ni la mmoja wa washauri wakuu wa Meli. Mawili mengine yalikaribia sana. La Meli halikuwamo.

Uingereza nayo ilikuwa na maiti ya mtawala iliyopotea. Richard III, yule aliyeuawa Bosworth, alichimbuliwa mwaka 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, miaka 527 baada ya kufa. Walimtambua kwa sababu kuna watu walioweza kufuatwa, mama hadi mama, kutoka kwa dada yake Anne hadi leo, na mwaka 2015 wakamzika kanisani kwa heshima. Huko kazi ngumu ilikuwa karatasi za nasaba za karne tano. Kwetu nasaba haina shida: muulize mzee yeyote wa Tsuduni atakutajia baba, babu, na kihamba cha nani kilipakana na cha nani. Shida ni ile rafu ya Berlin, ambayo haikuandikwa majina, au iliandikwa mahali tu na pengine cheo.

Manane yaliyopimwa ni sehemu ndogo sana ya 202. Waliokufa Machi 2 walikuwa 19, na zipo nyumba Kibosho na Siha zenye kaburi la aina ileile. Siku ile nilishuka Kiboriloni mapema, nikapanda gari la Kibosho.