Kudumaa Si Udogo

Neno kudumaa limezoea kutumiwa kwa kila kitu kilicho kidogo, nasi twaona kwamba matumizi hayo yanalipunguzia neno nguvu zake. Kudumaa ni kukoma kukua kabla ya kufikia kimo kinachostahili. Hapana budi pawepo kimo kilichotarajiwa, na pawepo jambo lililokizuia. Yasipokuwapo mawili hayo, kitu hicho ni kidogo tu.

Watu wa Kiriba, mkoani Mara, hawahitaji kamusi ili kulielewa jambo hili. Dagaa wanaoanikwa kando ya Ziwa Viktoria hawazidi urefu wa kidole, lakini ni samaki waliokomaa, wenye kutaga mayai. Hakuna mvuvi atakayesema wamedumaa. Sangara, aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1950, akiwa na urefu huo huo ni mtoto bado. Mkulima naye hulijua neno hili kwa muhogo ulioshikwa na batobato: majani hujikunja, shina hubaki fupi, mizizi hainenepi. Huo ndio muhogo uliodumaa, maana ule wa mbegu ile ile uliopandwa siku ile ile, ukasalimika, umekwisha kuupita.

Liko na neno kuvia, ambalo wengi hulichanganya na hili. Kwa masikio yetu kuvia kumekaribia kuharibika: tunda lililovia haliivi, yai viza halitoi kifaranga. Kilichodumaa kingali hai.

Katika afya ya watoto, neno hili limepata kipimo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na kuanzia mwaka 1983 mradi mkubwa wa lishe uliendeshwa mkoani Iringa, watoto wakipimwa uzito vijijini. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini mizani peke yake haitoshi. Udumavu hujulikana kwa kulinganisha kimo cha mtoto na umri wake. Mtoto mfupi asiyekonda hupita machoni petu bila ya kushtukiwa, na jamaa husema amemfuata babu yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa chini ya miaka 5, watoto 30 walikuwa wamedumaa. Iringa, mkoa wenye mahindi tele, walizidi nusu. Basi ghala lililojaa si dawa ya pekee. Chakula cha aina moja, kuhara kwa mara kwa mara na kazi nzito za mama mjamzito vyote humzuia mtoto kukua.

Tunalisema hili kwa sababu neno hilo hilo huelekezwa kwa lugha zetu. Tumepata kuwasikia watu wenye elimu wakisema kwamba Kijita, Kikwaya na Kizanaki ni lugha zilizodumaa, kwa kuwa wasemaji wake ni wachache. Hao wanamwita dagaa sangara aliyedumaa! Lugha hizo zina ngeli zake, methali zake na tungo zake, zimekomaa kitambo.

Kwa Kiswahili mambo ni mengine. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliifasiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ikachapwa mwaka 1963, na lugha haikumshinda. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza kianze kufundishia sekondari mwaka 1985. Hapo neno letu lastahili kabisa, maana kimo kilikwisha kuandikwa, hata na mwaka wake. Pendekezo halikutekelezwa. Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufungua mlango kwa maneno, lakini masomo ya sekondari yaliendelea kwa Kiingereza. Mtoto aliyeeleza vizuri maana ya usanisinuru katika darasa la saba aliingia kidato cha kwanza, akaanza kukariri jina lake jipya.